Vyuo Viwili na Ndoo ya Rangi ya Kijani

Jumatatu, 10 Februari 2025

Siku kubwa! Binti yangu Bushra amekubaliwa na vyuo viwili. Si kimoja. Viwili! Vyote vya Marekani, vyote vya udaktari wa osteopathia. Amezibandika barua kwenye mlango wa friji kwa sumaku, bega kwa bega, kama posa mbili zilizofika siku moja.

Kwa faida ya atakayeisoma shajara hii nikishakufa (na itasomwa): osteopathia si kukanda. Ni udaktari kamili. Daktari wake anaandika dawa, anapasua, anazalisha, na juu ya hayo amefundishwa kutibu mifupa na misuli kwa mikono yake. Nimelieleza jambo hili mara kumi na moja leo hapa Mayfair, Johannesburg, kuanzia duka la Msomali hadi kwa kinyozi. Mara kumi na moja nimeulizwa kama binti atafungua saluni.

Chuo cha kwanza nembo yake ni ya kijani. Cha zamani, mji mdogo wa milimani, theluji hadi kiunoni. Cha pili nembo yake nyekundu. Kipya, jiji kubwa, majengo ya vioo, na midoli ya mazoezi inayopumua na kukohoa. Ada watalipa wafadhili walewale waliomsomesha biolojia kulekule kwa ajili ya mbio zake za mita mia nane, popote atakapokwenda. Kwa hiyo hatuna hata pesa za kugombania. Kilichobaki ni kuchagua. Mwisho wa kujibu ni Jumanne ya wiki ijayo, saa kumi na mbili jioni kwa saa za hapa. Asipojibu, nafasi zote mbili wanapewa wengine.

Moyoni nilikuwa nimeshachagua Chuo Chekundu. Jiji kubwa, kuna msikiti, kuna uwanja wa ndege. Mtu anaweza kwenda kumwona mwanawe. Nikafungua kinywa kutangaza.

Akaingia Abdulrahman. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu Biubwa, muuza vitambaa wa ng'ambo ya barabara. Mtu ambaye hajawahi kusoma kitabu hadi mwisho wala kukosa pilau letu. Akazitazama barua, akadokoa mnofu, akasema hapa hata akili haihitajiki, mtoto aende Chuo Chekundu.

Papo hapo nikauona ubaya wote wa Chuo Chekundu.

Bushra hajaniomba ushauri. Nitamsaidia hivyo hivyo.

Jumanne, 11 Februari

Nimefungua duka langu la uchapaji na fotokopi saa moja asubuhi. Sikumhudumia mtu hadi saa nne. Nimeandika waraka! "Hoja Kumi na Mbili kwa Nini Chuo cha Kijani." Kurasa tatu, nakala arobaini za kugawa mtaa mzima. Hoja ya saba nimejisomea kwa sauti mara mbili: kwamba tiba ya mikono haifundishwi na midoli, kwa sababu mdoli hana aibu, hana maumivu, wala hana bibi aliyemlea. Sijaandika sentensi kama ile tangu waraka wangu wa mwaka juzi dhidi ya spika mpya za msikiti.

Nikampelekea Marcellin nakala ya kwanza. Ni fundi cherehani, mtu wa Lubumbashi, tunatenganishwa na ukuta mmoja. Akasoma mistari miwili, akarudisha miwani mfukoni. "Papa Jumbe," akasema, "weye uko na kichwa nguvu. Mutoto anajua kusoma. Juu ya nini unamusomea?" Akanieleza kwamba binti yake Mamie naye yuko katikati ya vyuo viwili vya uuguzi, kimoja cha hapa mjini, kingine cha Pretoria, na yeye baba mtu amemwambia achague mwenyewe. Nikamwambia huo si ulezi, huo ni ulegevu. Akaendelea kushona zipu.

Jioni nikampa Bushra nakala yake. Akaisoma yote, amesimama. Akasema hoja ya nne si kweli, theluji haiimarishi mifupa. Ya tisa nayo si kweli. Ya kumi na moja ni matusi kwa mjomba Abdulrahman, haihusiani na chuo chochote. Kisha akaugeuza waraka wangu na kuanza kuandika mgongoni mwake orodha ya maswali ya kuviuliza vyuo. Karatasi nzuri, akasema, na nyuma haina kitu.

Kurasa tatu za jasho la baba! Akaniona uso wangu. "Eish, Baba," akasema, akanimiminia chai.

Jumatano, 12 Februari

Vita jikoni. Abdulrahman amekuja tena, eti kuuliza hali ya friji. Akaanza: miaka minne kwenda kujifunza alichokuwa akikifanya mama yako uani bila cheti! Marehemu mama yangu, Mayasa, aliunga mifupa Ngamiani, Tanga, miaka arobaini. Wapagazi wa bandari waliletwa kwake kwa mkokoteni wakarudi kwa miguu. Nikamjibu kwamba kidole kimoja cha mama yangu kilikuwa na elimu kuliko vichwa vya ukoo mzima wa wauza vitambaa. Biubwa akaweka mwiko chini. Akanikumbusha ukoo huo ni wake pia.

Abdulrahman akatabasamu. Nikamchukia upya, kwa nguvu mpya.

Biubwa ni mtu wa Unguja, hasira yake haipandi sauti, inashuka. "Basi," akasema. "N'shachoka miye na nyinyi. Mtoto na aswali istikhara." Yaani rakaa mbili na dua ya yule aliyekwama kati ya mambo mawili, kumwomba Mungu amwelekeze kwenye lenye heri. Bushra akasema alikuwa na nia hiyo hiyo, ataanza kesho. Abdulrahman akasema amina. Mimi nikasema amina kwa sauti zaidi.

Sasa. Kila mtu Mayfair anajua, ingawa hakuna aliyewahi kunionyesha kitabu, kwamba aliyesali istikhara huota. Akiota kijani au nyeupe, ni heri. Akiota nyekundu au nyeusi, akae mbali. Nilikuwa nakoroga sukari nilipokumbuka. Kijiko kikaniponyoka. Nembo! Moja kijani, moja nyekundu!

Simdanganyi mtu. Wala simchezei Mungu, astaghfirullah. Natayarisha mazingira tu. Hata mkulima hulima kabla ya mvua.

Alhamisi, 13 Februari

Bushra hushinda kliniki moja ya Newtown, akimtazama mtaalamu wa viungo akifanya kazi. Hutoka saa mbili asubuhi, hurudi saa kumi. Muda wa saa nane mzima mikononi mwangu!

Nimenunua ndoo ya rangi ya lita ishirini. Muuzaji aliniapia rangi inaitwa Mnanaa wa Asubuhi. Ukutani imegeuka mchicha uliochemshwa jana. Si neno, kijani ni kijani. Kuta zote nne za chumba chake zimekula nusu ndoo. Nusu imebaki. Pazia za kijani ameshona Marcellin kwa vipande vilivyobaki vya ovaroli za walinzi wa magari. Kwapani mwa pazia moja kuna mfuko. Shuka la kijani. Foronya ya kijani. Nimebadilisha hata mswaki wake.

Bushra akarudi. Akasimama mlangoni. "Haibo!" akasema. Amezaliwa hapa, mishangao yake yote iko kwa Kizulu. Nikamwambia ni zawadi ya kukubaliwa chuo. Akanishukuru, ana adabu mtoto huyu. Kisha akafungua dirisha. Kisha akafungua na la pili.

Biubwa amesema nanuka kama gereji na sitakilalia kitanda chake mpaka ninukie kama mume. Sawa. Hakuna vita bila majeruhi.

Ijumaa, 14 Februari

Asubuhi sikumwuliza Bushra kitu. Nilimtazama tu akila mkate. Uso wa mtu aliyeota kijani! Bila shaka yoyote!

Msikitini imamu, kana kwamba ameziona kucha zangu za kijani, akahubiri juu ya istikhara. Akasema haisubiri ndoto wala rangi. Unasali, unawauliza wenye ujuzi, kisha unakwenda pale kifua chako kinapopata wasaa. Nilikuwa nimekaa karibu na feni. Sikusikia vizuri.

Nje, janga. Abdulrahman amesimama na waraka wangu mkononi. Nikajiandaa. Nilikuwa na majibu manne makali na la tano la akiba. Akanikumbatia! Mbele ya watu! Akasema hoja ya saba ameisoma mara tatu, pale penye mdoli hana bibi machozi yamemtoka, nimemfumbua macho, na kuanzia leo mimi na yeye ni kauli moja: mtoto aende Chuo cha Kijani. Hoja ya kumi na moja amenisamehe. Akanishika mkono, tukatembea hivyo hadi kwenye taa za barabarani za pale kona, robot kama waziitavyo hapa, kama maharusi.

Nimejibiwa katika maisha yangu. Nimezomewa. Nimezimiwa kipaza sauti katikati ya sentensi. Kukubaliwa na Abdulrahman sijawahi, na sikujua kunauma kiasi hiki.

Hadi nafika mlangoni kwangu nilikuwa nimeshaliona lote. Chuo cha Kijani hakifai kabisa. Theluji hadi kiunoni! Kijiji! Mtoto ataswali Ijumaa na nani, na kulungu? Nani aliandika upuuzi ule?

Jumamosi, 15 Februari

Chai ya asubuhi. Nikamwuliza Bushra, kama mtu anayeuliza habari za mvua, analalaje katika chumba chake kipya. Akasema hajalala humo hata siku moja. Rangi inamuumiza kichwa, tangu Alhamisi analala sebuleni kwenye kochi. Hakutaka kunivunja moyo.

Basi nani amelala ndani ya kijani siku mbili hizi?

Mimi! Biubwa alinifukuza kwake, nami usiku zote mbili nikajitupa gizani kwenye kitanda cha kwanza kilichokuwa wazi, nikatoka gizani kwenda alfajiri. Na nimeota! Nimeota shamba la mchicha lisilo na mwisho, na marehemu mama yangu katikati yake ananikemea kwa mwiko. Nikaropoka yote. Bushra alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Biubwa akasema basi heri imeonekana, nifunge mizigo niende mimi Marekani.

Vicheko havinitishi. Mbinu ya rangi imekufa, na hata ingeishi, sasa iko upande wa adui. Nimerudi kwenye kalamu. "Hoja Kumi na Tisa Dhidi ya Hoja Kumi na Mbili." Hoja ya saba mpya inaiponda hoja ya saba ya zamani bila huruma. Adhuhuri nikautuma kwenye kundi letu la simu, Watu wa Pwani Joburg, wanachama mia mbili na kumi na wawili.

Mtu mmoja akaandika: jihadharini, simu ya Bwana Jumbe imeingiliwa na matapeli, Jumanne aliandika kinyume cha haya. Nikaandika kwamba ni mimi mwenyewe. Akaandika kwamba ndivyo wanavyosema matapeli. Wakanipa mtihani: nani alipinga spika za msikiti? Nikajibu kwa aya nane. Wakasema huyu tapeli kajiandaa. Nikatolewa kwenye kundi! Mimi, mwanzilishi! Biubwa ananiambia Abdulrahman ameweka ujumbe wa sauti huko, anawaomba ndugu waniombee mimi na simu yangu.

Jumapili, 16 Februari

Bushra amesema harufu imepungua, leo atarudi chumbani kwake. Atarudi kwenye kijani! Na hata kama imamu yuko sahihi, siwezi kulala nikijua kwamba ukuta niliopaka kwa mkono wangu unamfanyia kampeni Abdulrahman. Burashi Biubwa ameificha. Ukuta hauwezi kupakwa, basi ukuta utafunikwa. Kabati!

Ni kabati la mbao nzito, la watu waliohama Kensington, liliingia nyumba hii kwa wanaume wanne. Nikalishika peke yangu. Nikasema bismillahi. Kabati likasogea hatua moja. Kiuno changu kikasogea mbili, upande mwingine.

Nikalala pale sakafuni. Siwezi kwenda mbele, siwezi kurudi nyuma. Kila nilipofungua macho, mchicha.

Biubwa akanikuta. Hakuita gari la wagonjwa. Alimwita kaka yake! Abdulrahman akaja na Marcellin, wakaninyanyua kama zulia. Abdulrahman akachagua upande wa kichwa, akawa ananiambia pole shemeji, pole shemeji, kila hatua, ili nisikose kujua nani kanibeba. Marcellin akasema, "Papa Jumbe, ile kabati haiko adui yako." Wakanilaza kitandani mwa binti yangu, juu ya shuka la kijani.

Akaja Bushra, ametoka kuswali adhuhuri. Akawaamuru wote warudi nyuma. Akaniuliza maswali kwa Kiswahili, Kiswahili chake kile cha kuvunjikavunjika, lakini Kiswahili. Miguu ina ganzi? Naweza kusogeza vidole? Mkojo unatoka vizuri? Mbele ya Abdulrahman! Nikajibu. Akasema basi ni misuli, imekaza. Akanigeuza kifudifudi, uso kwenye mto. Nikaanza kumweleza hoja ya kwanza kati ya kumi na tisa. Mto ukaimeza.

"Baba," akasema, "pumua tu."

Kisha mikono yake.

Hakubonyeza sana. Aliiweka, akangoja, kama mtu anayebisha hodi na kusubiri kuitikiwa. Niliijua mikono ile. Bushra alikuwa na miaka tisa tulipokwenda Tanga, akashinda uani kwa mama yangu akishika kichupa cha mafuta. Siku moja mama aliuchukua mkono wa mtoto, akauweka begani mwa mpagazi mmoja, akamwambia: usiusukume mfupa, uulize. Nilikuwepo. Nilikuwa nasoma gazeti. Nilidhani mtoto amesahau.

Leo, mikono ikiwa juu ya mgongo wangu, akanisimulia kwamba ndiyo sababu ya yote. Osteopathia hakuichagua kwenye mtandao. Alikuwa akiutafuta ule ua wa bibi yake.

Akaniambia na jingine. Hadi jana moyo wake ulikuwa Chuo Chekundu, kwa sababu moja tu: mimi. Kuna uwanja wa ndege, kuna msikiti, ningeweza kwenda kumwona. Lakini ameviuliza vyuo vyote viwili yale maswali aliyoyaandika nyuma ya waraka wangu. Chekundu kimejibu kwamba kazi ya mikono wanafunzi huitazama zaidi kwenye video. Cha Kijani kimejibu kwamba huanza wiki ya kwanza, mara mbili kwa wiki, na mwalimu amesimama kwenye kila meza. Leo asubuhi bado alikuwa akisitasita. Sasa hivi mkono wake umefika mahali mgongoni mwangu, hajui kilichopo chini yake, na anataka kujua kuliko anavyotaka kitu chochote. Akasema kifua chake kimepata wasaa.

Chuo cha Kijani, basi. Kwenye theluji. Ambako siwezi kwenda.

Nilikuwa na hoja kumi na tisa. Nilikuwa na mto mdomoni. Na kitu kikalegea kiunoni, taratibu, kikafuatiwa na kingine juu zaidi, karibu na koo. Mto umelowa. Joto la Februari.

Jumatatu, 17 Februari

Naweza kukaa. Naweza kugeuka kulia. Kushoto bado hakujafunguliwa.

Bushra anatakiwa kuchapa fomu ya kukubali, kuisaini, kuiskani na kuituma kabla ya kesho saa kumi na mbili. Asubuhi akaniomba ufunguo wa duka langu.

Nitaandika ukweli, shajara ni shajara. Ufunguo ulikuwa chini ya mto. Nikasema nimesahau nilipouweka. Mgonjwa husahau! Nikawaza: siku moja tu. Kesho ikipita, Chuo cha Kijani kitakuwa kimepita, theluji yake itapita, na ushindi wa Abdulrahman utapita. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba na Chekundu kitapita siku hiyo hiyo saa hiyo hiyo, na mtoto atabaki hapa na barua mbili zilizokufa kwenye friji. Nikalikumbuka hilo vizuri sana. Nikaendelea kuulalia ufunguo.

Aliingia mara tatu. Mara ya kwanza maji. Mara ya pili uji. Mara ya tatu akaupitisha mkono mgongoni mwangu akasema misuli imekaza upya, kuna kitu kinanisumbua? Nikasema hapana.

Ndipo nikasikia sebuleni sauti ya Abdulrahman. Anamwambia Bushra asijali, dukani kwake ipo mashine, ataichapa na kuituma yeye mjomba mtu kwa mkono wake. Mashine yake! Mashine ya kuchapia bei za vitenge! Barua ya binti wa mchapaji ipite kwa muuza vitambaa?

Ufunguo ukaonekana papo hapo. Niliurusha hadi sebuleni. Kugeuka kushoto kumefunguka.

Jumanne, 18 Februari

Saa nane fomu imechapwa, dukani kwangu, kwa karatasi yangu bora. Saa tisa radi. Mvua ya mawe. Umeme wa Mayfair yote ukakatika, na mashine ya kuskani ikafa na fomu tumboni.

Nikaamuru nipelekwe ng'ambo ya barabara. Marcellin akanisukuma juu ya kiti cha ofisi cha magurudumu, katikati ya Mtaa wa Church, taa za robot zimezimika, magari yamesimama kunipisha. Nikawapungia mkono. Haja ilikuwa umeme, na jenereta mtaa mzima iko moja: ya Abdulrahman. Sikusema tafadhali. Nilikohoa kuelekea upande wake. Akaelewa. Marcellin akafunga pamoja nyaya zake zote za cherehani, tukazivusha barabara juu ya makreti ya soda. Saa kumi na moja na nusu mashine ikazinduka.

Likabaki swali la nani abonyeze kitufe. Mimi, kwa kuwa ni baba na mashine ni yangu. Abdulrahman, kwa kuwa umeme ni wake. Marcellin akasema yeye hataki, ila kwa haki tukumbuke na waya. Tukaanza. Nilikuwa kwenye hoja ya tatu nilipoona wenzangu hawanisikilizi. Wanamtazama Bushra.

Bushra alikuwa ameichomoa fomu, ameilaza juu ya meza, ameipiga picha kwa simu, ameituma. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika arobaini na moja. Anakunywa chai kutoka chupa ya Marcellin.

Jibu likaja kabla hajamaliza kikombe. Akalisoma kwa sauti: wamempokea, karibu. Akanikumbatia akiukwepa mgongo. Mimi na Abdulrahman tukasema alhamdulillah kwa wakati mmoja, kwa sauti moja, kama watu waliofanya mazoezi. Sikumtazama. Naye hakunitazama. Nadhani alikuwa akilia, kwa pembe ya jicho niliona mashavu yamelowa, na mvua ilikuwa imekwisha muda mrefu.

Jumatano, 19 Februari

Nimerudishwa kwenye kundi. Nimekuta Abdulrahman ameandika kwamba mtoto amefuata ushauri wa mjomba wake, na chini yake ameweka hoja yangu ya saba, neno kwa neno, bila jina langu. Nimemsamehe. Mtu mwenye binti daktari hapotezi muda na mambo madogo. (Nimeanza waraka. Kurasa sita hadi sasa.)

Historia iseme kweli: nilikuwa upande wa Chuo cha Kijani tangu mwanzo. Ushahidi upo, nakala arobaini, tarehe 11 Februari. Zile hoja kumi na tisa, kundi zima linajua, ziliandikwa na matapeli.

Bushra ataondoka Julai. Leo ameniambia mji ule una kituo cha basi, mwendo wa saa sita kutoka uwanja wa ndege. Saa sita ni nini? Kutoka Tanga hadi Dar ilikuwa zaidi ya hapo kabla ya barabara ya lami, na watu walikwenda harusini. Nimemwomba Biubwa anitafutie soksi nene. Akauliza za nini, leo jasho linatiririka. Nikasema anitafutie tu.

Nimejikagua, kama impasavyo mtu mzima. Kosa langu lilikuwa moja, nalo ni la muda. Rangi ilitakiwa ipakwe mapema, wiki moja kabla, harufu ikaisha. Lililobaki lote lilikuwa sahihi.

Jioni Marcellin kaja kunitazama mgongo. Akasema Mamie wake bado hajaamua kati ya vile vyuo viwili vya uuguzi, ana hadi mwisho wa mwezi, na yeye hataki kumwingilia. Maskini, mtoto ameachwa peke yake kabisa. Nikauliza sare za vyuo hivyo ni rangi gani. Akasema cha hapa mjini bluu, cha Pretoria kijani.

Nimemwuliza, kama kwa bahati tu, chumba cha Mamie kina ukubwa gani. Nusu ndoo inatosha.